UZI: Walimu Weusi wa Marekani waliojenga shule kwa senti za watu waliotoka utumwani

#1 ChakiNyeupe

Wakuu, salaam. Nina miaka 19 darasani, shule ya msingi, huku Nyanda za Juu Kusini. Likizo hii nimeimaliza nikisoma maisha ya walimu Weusi wa Marekani, wale walioshika chaki wakati makovu ya utumwa bado mabichi. Chuoni tulitajiwa jina moja tu, Booker T. Washington, na hata hilo kwa mstari mmoja. Kumbe wapo wanawake waliofanya kazi ya kutisha na wengi wetu hatujawahi kusikia majina yao. Nitaandika kwa vipande maana ni mengi. Mwenye nyongeza aongeze, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Naanza na mti. Mjini Hampton, jimbo la Virginia, kuna mwaloni mkubwa ambao umesimama hadi leo. Septemba 1861, miezi mitano tangu vita ya Kaskazini na Kusini ianze, mwalimu Mary Peake alianza kufundisha chini ya mti ule. Wanafunzi wake walikuwa watumwa waliotoroka mashambani na kukimbilia Fort Monroe, ngome ya jeshi la Kaskazini iliyokuwa jirani. Peake alizaliwa huru, 1823, lakini Virginia ilikuwa na sheria tangu 1831 ya kupiga marufuku mikutano ya kuwafundisha Weusi kusoma. Kwa hiyo kwa miaka mingi alifundisha kwa kujificha, huku akijipatia riziki kwa ushonaji. Chini ya mwaloni ndipo alipofundisha hadharani: mchana watoto, jioni watu wazima. Alikuwa na kifua kikuu. Alipozidiwa hadi kushindwa kusimama, aliendelea kufundisha akiwa kitandani. Alifariki Februari 1862, kabla hata ya tangazo la uhuru wa watumwa.

Mwaka 1868 chuo cha ualimu, Hampton Institute, kikafunguliwa mahali hapo hapo, na mwaloni ule ukawa ndani ya eneo lake. Ukumbuke mti huu, nitaurudia.

#2 Mhenga77

Mkuu endelea, nimeweka kambi. Ila nina swali mapema. Huyu Washington si ndiye aliyewaambia Weusi wenzake wajifunze kilimo na useremala, mambo ya kura na haki yasubiri? Nakumbuka Du Bois, msomi Mweusi mwenzake, alimpinga vikali. Sasa tunamsifia kwa lipi?

#3 ChakiNyeupe

Mhenga77, swali zuri, na sitalikwepa.

Washington alizaliwa mtumwa mwaka 1856. Baada ya uhuru alifanya kazi kwenye matanuri ya chumvi na migodi ya makaa ya mawe akiwa mtoto. Mwaka 1872 alisafiri hadi Hampton, sehemu kubwa kwa miguu, akafika hana kitu. Mwalimu aliyempokea alimpa ufagio afagie chumba kimoja, na huo ndio ukawa mtihani wake wa kujiunga. Alifagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne.

Tuskegee, Alabama, aliianzisha tarehe 4 Julai 1881 akiwa na miaka 25 tu. Jimbo lilitoa dola 2,000 kwa mwaka, za mishahara peke yake. Ardhi hakuna, jengo hakuna. Walianza wanafunzi 30 kwenye kibanda kibovu karibu na kanisa, na mvua ikinyesha mwanafunzi mmoja alisimama na mwavuli juu ya kichwa cha mwalimu ili kipindi kiendelee. Wakaamua kufyatua matofali wenyewe. Tanuri la kwanza likaharibika, la pili likaharibika, la tatu nalo likabomoka. Fedha zikaisha. Washington akaenda kuweka saa yake rehani kwa dola 15, akachoma tanuri la nne, matofali yakaiva. Saa haikurudi, na aliandika baadaye kwamba hakuijutia. Mtu yeyote aliyewahi kusimamia ujenzi wa darasa kwa nguvu za wananchi anajua tanuri la tatu linapobomoka watu wanavyomtazama mwalimu mkuu.

Sasa hoja yako. Ni kweli, hotuba yake ya Atlanta ya 1895 iliwapa Wazungu wa Kusini walichotaka kusikia. Du Bois alijibu mwaka 1903 kwamba huwezi kumjenga mtu kiuchumi huku ukikubali anyang'anywe kura na elimu ya juu. Kwa maoni yangu Du Bois alikuwa sahihi kwenye jambo la kura. Ila mabishano ya wanaume hawa wawili yamewafunika watu ambao hawakuwa na muda wa kuchagua upande, kwa sababu watoto walishafika mlangoni.

Mmoja ni Lucy Craft Laney. Alizaliwa 1854 Macon, Georgia. Baba yake alikuwa seremala aliyejinunulia uhuru kwa kazi ya mikono yake, baadaye akawa mchungaji. Lucy alisoma akiwa mdogo kabisa, na kufikia miaka 12 alikuwa akitafsiri Kilatini. Akawa katika kundi la kwanza kuhitimu Atlanta University, 1873. Miaka kumi baadaye akafungua shule katika chumba cha chini cha kanisa huko Augusta. Wanafunzi sita. Alikusudia wasichana tu, wavulana wakaja, akashindwa kuwafukuza. Mwisho wa mwaka wa pili walikuwa zaidi ya 200.

Mwaka 1886 alisafiri hadi Minneapolis kwenye mkutano mkuu wa kanisa la Presbyterian kuomba msaada. Akahutubia, watu wakasikiliza, kisha wakampa nauli ya kurudi nyumbani. Basi. Lakini mama mmoja aliyekuwa kwenye mkutano ule, Francine Haines, hakumsahau. Baadaye ulipatikana mchango wa dola 10,000, na shule ikaitwa Haines.

Na pale Haines, Mhenga77, ndipo jibu la swali lako. Wakati vigogo wakibishana jembe au kitabu, Laney alifundisha Kilatini na aljebra asubuhi, na ufundi jioni, kwa watoto wale wale. Alifungua darasa la chekechea. Akaanzisha mafunzo ya uuguzi. Hakuona kwa nini mtoto wa mfua nguo asijue lugha ya Kaisari na kushona nguo yake mwenyewe.

#4 MamaNeema

Mwalimu, hapo kwenye nauli ya kurudi nimesimama kidogo. Nimewahi kuwa kwenye kamati ya shule, najua safari ya kwenda kuomba na kurudi mikono mitupu, unafikiria utawaambia nini wenzako. Endelea mwalimu.

#5 ChakiNyeupe

MamaNeema, basi huyu anayefuata atakugusa zaidi. Na ni mwanafunzi wa Laney kwa namna fulani, maana alifundisha chini yake pale Haines akiwa mwalimu kijana, na mengi aliyoyafanya baadaye aliyaona pale.

Mary McLeod Bethune. Alizaliwa 10 Julai 1875 karibu na Mayesville, South Carolina, mtoto wa 15 kati ya 17. Wazazi wake, Samuel na Patsy, walikuwa watumwa, na baadhi ya kaka na dada zake walizaliwa utumwani. Yeye alizaliwa huru, kwenye shamba la pamba ambalo familia ilijinunulia. Alisimulia kwamba siku moja alimfuata mama yake kwenye nyumba ya Wazungu alikokuwa anapeleka nguo alizofua. Akaokota kitabu. Mtoto wa Kizungu akamwambia akiweke chini, yeye hawezi kusoma. Hakukisahau kile kitabu maisha yake yote.

Shule ya misheni ilipofunguliwa karibu, yeye ndiye aliyepelekwa, akitembea maili tano kwenda na tano kurudi, na jioni akawafundisha wa nyumbani alichojifunza. Akaendelea hadi seminari ya wasichana ya Scotia, kisha chuo cha Biblia cha Moody huko Chicago. Nia yake ilikuwa kuja Afrika kama mmisionari. Alipoomba nafasi akaambiwa hakuna nafasi kwa Weusi. Alisema baadaye kwamba hilo ndilo lililomvunja moyo kuliko yote maishani.

Tarehe 3 Oktoba 1904, Daytona, Florida, alifungua shule akiwa na dola 1.50 mfukoni, wasichana watano na mwanawe mdogo Albert. Nyumba ya kupanga, dola 11 kwa mwezi, ambazo hakuwa nazo. Madawati yalikuwa masanduku ya mbao. Kalamu zilikuwa vijiti vilivyounguzwa vikawa mkaa. Wino ulikamuliwa kutoka kwenye matunda ya porini. Magodoro wakashona magunia na kuyajaza majani makavu. Usiku walioka pai za viazi vitamu, mchana wanaziuza kwa vibarua wa reli. Fedha hizo ndizo zilizonunua kipande cha ardhi kilichokuwa jalala la mji. Watu walikiita Shimo la Jehanamu. Wakakisafisha, wakajenga juu yake.

Alikuwa hodari wa kuomba, na aliomba kwa matajiri waliokuja Daytona kupumzika majira ya baridi. Mmoja ni James Gamble, wa ile kampuni ya sabuni. Mwingine ni Thomas White, wa cherehani. White alipita siku moja akakuta mashine yao kuukuu ikihangaika, akaleta mpya, akaleta na mafundi wamalize jengo.

Kisha mwanafunzi mmoja akaugua kidole tumbo ghafla. Hospitali ya Wazungu ilimfanyia upasuaji, lakini baadaye Bethune akamkuta amelazwa kibarazani nyuma ya jengo, karibu na jiko. Aliondoka pale akiwa ameamua. Mwaka 1911 shule ikawa na hospitali yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, waliandamana hadi shuleni usiku, wamevaa mashuka yao, kwa kuwa alikuwa akiwahimiza Weusi wajiandikishe kupiga kura. Aliamuru taa zote ziwashwe, akasimama mbele, wanafunzi wakaimba nyimbo za dini. Wakaondoka. Siku ya kura akaongoza watu kwenda kituoni.

Shule ile iliungana na Cookman Institute mwaka 1923 na leo ni chuo kikuu, Bethune-Cookman. Miaka ya 1930 Rais Roosevelt alimpa kazi serikalini, mjini Washington. Mwaka 1952, akiwa na miaka 76, hatimaye alikanyaga Afrika, alipotumwa Liberia kwenye kuapishwa kwa Rais Tubman. Alikuwa ameomba kuja tangu msichana. Alifariki 1955.

#6 BintiKabete

Mwalimu, asante sana kwa uzi. Mimi ni Mkenya na ningependa kuleta upande wetu, kwa sababu hii historia ilitufikia, na haikutufikia vizuri.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, mfuko wa hisani wa elimu kutoka Amerika, ilizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kuangalia elimu ya Waafrika. Mwaka uliofuata shule iliyoitwa Jeanes School ikafunguliwa hapa Kabete. Walimu waliletwa pamoja na wake zao, wakaishi kwenye nyumba ndogo ndogo za mfano, wakafundishwa usafi, kilimo, kutunza watoto, kisha wakatumwa kusimamia shule za vijijini. Mpango wenyewe ulitolewa kwa Weusi wa Kusini mwa Amerika. Wazee wetu waliuona kama elimu ya kumweka Mwafrika mahali pake. Waliona watoto wa masetla wanasoma vingine kabisa. Kwa hivyo ukisifu elimu ya Tuskegee, kumbuka jinsi sisi tulivyopakuliwa.

#7 ChakiNyeupe

Dada, nashukuru kwa kulileta, maana hapa ndipo penye kiini. Ngoja nieleze jina Jeanes lilitoka wapi, kisha utaniambia kama nimekosea.

Anna Jeanes alikuwa mwanamke tajiri wa Philadelphia, wa dhehebu la Quaker. Mwaka 1907 alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule ndogo za vijijini za Weusi. Lakini fedha zinahitaji mtu, na mtu alipatikana wilaya ya Henrico, Virginia. Virginia Randolph, binti wa watu waliokuwa watumwa, alianza kufundisha akiwa na miaka 16. Mwaka 1892 alipewa shule ya chumba kimoja, Mountain Road School. Aliikuta kwenye hali mbaya. Akanunua kokoto kwa mshahara wake akatengeneza njia, akapaka kuta chokaa, akapanda nyasi. Akafundisha kusoma na kuandika, na pia kupika, kushona, kusuka vikapu, kutunza bustani.

Unajua nani walimpinga kwanza? Wazazi. Walisema hatukuwaleta watoto waje kusuka vikapu, tunataka kitabu. Ni maneno yale yale ya wazee wako wa Kabete, miaka thelathini kabla. Randolph hakuwapuuza. Aliwatembelea majumbani, mmoja mmoja, akaanzisha shule ya Jumapili, akakaa nao hadi wakamwelewa na yeye akawaelewa. Mwaka 1908 ofisa elimu wa wilaya, Jackson Davis, akamteua kuwa mwalimu wa kwanza wa Jeanes, asimamie shule 23. Kwa lugha ya kwetu ni kama mratibu elimu kata, tena bila pikipiki. Alizunguka kwa mkokoteni wa farasi, na mwisho wa mwaka aliandika taarifa ya alichofanya kila shule. Taarifa hiyo ikachapishwa na kusambazwa Kusini kote, wakaajiriwa wengine kwa mfano wake. Mwaka huo huo wa 1908 alipanda na wanafunzi wake miti 12, kila mti akaupa jina la mtume mmoja. Alistaafu 1949.

Hoja yangu ni hii, dada. Kule Henrico vikapu vilisukwa na mwalimu aliyetoka kwa watu wale wale, anayeweza kubishana na wazazi na wao wakabishana naye. Kabete mpango ulikuja umeshakatwa na kushonwa, na uliendeshwa chini ya serikali ya kikoloni isiyotaka Mwafrika afike mbali. Vikapu vile vile, lakini aliyeamua ni mwingine. Nimekuja kuona kwamba kwenye habari hii yote, ukitaka kujua kama shule fulani ilikuwa mlango au ukuta, uliza nani alikuwa na sauti ya kusema mtoto afundishwe nini.

#8 BintiKabete

Hapo tumekutana, mwalimu. Na wacha nikupe zawadi kwa ajili ya ule mti wako.

Kwenye tume ile ya 1924 alikuwemo Mwafrika mmoja, Dakta James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, ambaye alikuwa ameishi na kufundisha Livingstone College, North Carolina, kwa miaka mingi. Vijana wetu walimwona Mwafrika msomi akizungumza mbele ya Wazungu bila kuinama. Mmoja wa vijana wa wakati huo alikuwa Mbiyu Koinange, mtoto wa chifu wa Kiambu, mwanafunzi wa kwanza kwanza wa Alliance High School. Mwaka 1927 akasafiri kwenda Amerika kusoma. Akaenda wapi? Hampton Institute, Virginia. Kwa mwaloni wako.

Akaendelea Ohio Wesleyan, akapata shahada ya uzamili Columbia, akarudi 1938. Serikali ikampa kazi kwa masharti yaliyo chini ya Wazungu wenye elimu kama yake, akakataa. Mwaka 1939 akafungua chuo cha walimu Githunguri, kwa ajili ya shule za kujitegemea za Wakikuyu. Pesa zilichangwa na wazazi kupitia marika, kila rika na mchango wake, na wanawake walichanga yao wakajenga bweni la wasichana. Serikali ilikifunga 1952 wakati wa hali ya hatari.

Na ile Jeanes School? Mwaka 1961 ikawa Kenya Institute of Administration, na leo ni Kenya School of Government. Mimi napita pale karibu kila siku.

#9 Mzalendo_Kigoma

Uzi mtamu, ila wakuu tuwe wakweli. Naona Gamble, White, Jeanes, Haines, wote Wazungu wenye fedha. Bila hao shule hizi zingekuwepo? Tusije tukajipa sifa ambazo si zetu.

#10 ChakiNyeupe

BintiKabete, sikuijua safari ya Koinange hadi Hampton. Nimeisoma post yako mara tatu.

Mzalendo, nitakujibu kwa hesabu. Booker T. Washington alizungumza na Julius Rosenwald, mkuu wa kampuni ya Sears, na mwaka 1912 wakaanza na shule sita karibu na Tuskegee. Hadi mradi unafungwa 1932 zilikuwa zimejengwa shule 4,977 katika majimbo 15. Watu huziita shule za Rosenwald. Rosenwald na mfuko wake walitoa kama dola milioni 4.3. Weusi wenyewe, wakulima wa kukodi shamba, wafua nguo, vibarua, walichanga kama dola milioni 4.7. Walizidi tajiri! Nyingine zilitoka kwenye kodi.

Na hapo kwenye kodi ndipo panapouma. Weusi walilipa kodi kama wengine, lakini bodi za elimu za Kusini zilipeleka sehemu kubwa kwenye shule za Wazungu. Kwa hiyo mkulima Mweusi alilipia shule mara mbili: mara ya kwanza kwa kodi iliyojenga shule ambayo mwanawe hawezi kuingia, mara ya pili kwa mchango wa shule ya mwanawe. Rosenwald aliweka sharti kwamba jamii ichange kwanza. Wengine walitenga kipande cha shamba, pamba yake yote ni ya shule. Wengine walikata miti yao wakapasua mbao. Wengine waliuza kuku na mayai.

Sisemi fedha za matajiri hazikuwa na maana. Zilikuwa na maana sana. Lakini msingi ulichimbwa na wenye watoto.

#11 MamaNeema

Mwalimu, naomba kuuliza. Hao wengi walikuwa na shule zao. Je, mwalimu wa kawaida, aliyeajiriwa na serikali, ana mshahara na pensheni ya kulinda, alithubutu kufanya nini?

#12 ChakiNyeupe

MamaNeema, umeuliza kuhusu Septima Clark bila kumjua. Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote, nakiri wazi.

Alizaliwa 3 Mei 1898 Charleston, South Carolina. Baba yake alizaliwa mtumwa. Alipopata cheti cha ualimu mwaka 1916 hakuweza kuajiriwa kwenye shule za serikali za mji wake, kwa sababu Weusi hawakuruhusiwa kufundisha humo, hata kwenye shule za watoto Weusi. Akapelekwa kisiwa cha Johns, safari ya mashua. Yeye na mwenzake mmoja walikuwa na wanafunzi 132. Ng'ambo ya barabara shule ya Wazungu ilikuwa na watoto watatu, na mwalimu wao alilipwa kuliko wao wawili kwa pamoja. Kwa kukosa ubao alibandika karatasi za maduka ukutani akaandika juu yake hadithi ambazo watoto wenyewe walimsimulia, za mashamba yao na mito yao, halafu wakajifunza kuzisoma. Sisi tunaofundisha darasa la kwanza tunajua thamani ya hiyo.

Mwaka 1919 alizunguka nyumba kwa nyumba akikusanya saini ili walimu Weusi waajiriwe Charleston. Mwaka uliofuata wakaruhusiwa. Mwaka 1945 alishiriki kwenye kesi ya mjini Columbia ya kusawazisha mishahara ya walimu Weusi na Wazungu, wakili akiwa Thurgood Marshall, wakashinda.

Mwaka 1956 jimbo lilipitisha sheria kwamba mtumishi wa umma asiwe mwanachama wa NAACP, chama kilichopigania haki za Weusi. Walimu wengi walificha kadi zao. Clark aliandika wazi kwenye fomu kwamba yeye ni mwanachama. Akafukuzwa, baada ya miaka 40 ya kufundisha, na pensheni ikaenda. Aliwaandikia walimu Weusi barua 726 akiwaomba wasimame pamoja. Walijibu 26. Wenzake walimwandalia sherehe ya kumuaga, lakini hakuna aliyekubali kupiga naye picha. Mimi siwalaumu sana wale walimu. Nimejiuliza usiku kama ningekuwa kati ya wale 26, na sijajipa jibu la haraka.

Alikwenda Highlander, shule ya watu wazima kwenye milima ya Tennessee, ambako alikuwa akiendesha semina tangu kabla ya kufukuzwa. Rosa Parks alihudhuria semina moja kiangazi cha 1955, miezi michache kabla ya ile siku aliyokataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi la Montgomery. Na kutoka Highlander, Clark akarudi Johns, kisiwa chake cha kwanza. Kule dereva wa basi, Esau Jenkins, alikuwa akiwabeba wafanyakazi kwenda mjini kila asubuhi, na njiani akiwakaririsha vifungu vya katiba, kwa sababu bila kusoma kifungu mbele ya msajili hupati haki ya kupiga kura. Wakakubaliana waanzishe shule ya jioni. Wakanunua jengo: mbele duka la ushirika, nyuma darasa lisilo na madirisha, Wazungu wasijue. Likaanza Januari 1957, msimu ambao shamba halina kazi nyingi.

Shule kama hiyo zikaenea Kusini kote, na kuanzia 1961 zikawa chini ya chama cha Martin Luther King, Clark akiwa ndiye anayewafunza walimu. Mwaka 1975 alichaguliwa kwenye bodi ya elimu ya Charleston, mji ule ule. Mwaka 1976 gavana alirejesha pensheni yake. Alikuwa na miaka 78.

#13 MamaNeema

Nimelia, mwalimu. Lakini kwenye hilo darasa lisilo na madirisha, nani alifundisha? Maana umesema Clark alikuwa Highlander.

#14 ChakiNyeupe

Alifundisha binamu yake, Bernice Robinson. Kazi yake ilikuwa saluni, kutengeneza nywele. Alikataa mwanzoni, akasema yeye si mwalimu. Clark alimwambia ndiyo maana tunakutaka: mtu anayejua kusikiliza, ambaye hatawadharau. Na tena msusi anajitegemea kwa wateja wake Weusi, hakuna bodi ya kumfukuza.

Usiku wa kwanza walikuja watu 14. Bernice alikuwa amebeba vitabu vya watoto wa darasa la kwanza. Akawatazama wale wazee wenye mikono ya shamba, akaviweka pembeni. Akawaambia: mimi si mwalimu, tutajifunza pamoja, niambieni mnataka kujua nini. Wakamwambia. Kuandika jina. Kusoma Biblia. Kusoma barua za watoto wao walioko mbali. Kujaza fomu ya kuagiza vitu na hundi ya posta. Halafu vile vifungu vya katiba. Akaenda kutafuta fomu za kweli akazinakili ubaoni kwa maandishi makubwa.

Alikuwepo mwanamama wa miaka 65, jina lake Anna, ambaye hakuwa amewahi kusoma chochote. Jioni moja Bernice aliandika majina ya wanafunzi wote ubaoni. Anna akainuka, akachukua rula mkononi mwa mwalimu, akaenda hadi ubaoni, akaiweka kwenye jina lake na kulitaja herufi moja moja, kisha akashuka hadi jina lake la pili, akalitaja nalo.